Mdogo ana matongotongo, mkubwa ana macho mekundu tu: nianze na nani?

*"Shikamoo daktari. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka minne na wa kiume ana miaka tisa. Wiki iliyopita mdogo alianza mafua, kikohozi na joto. Tukampeleka kituo cha afya, kipimo kikaonyesha corona. Siku ya tatu macho yote mawili yakaanza kutoa matongotongo, asubuhi kope zimegandana hawezi kufumbua mpaka nimwoshe, ila mchana anacheza kama kawaida. Jirani kaniambia nimwoshe kwa maji ya majani ya chai. Mama mkwe anasema dawa ni maziwa ya mama. Dukani wamenipa matone yameandikwa deksamethasoni na neomisini, nimemwekea siku mbili. Nasikia corona ikiingia kwenye jicho inapofusha, ni kweli? Mkubwa simhofii sana, yeye aliumwa mafua kama wiki nne zilizopita akapona mwenyewe. Sasa naye ana macho mekundu tangu juzi, nadhani kaambukizwa na mdogo wake, ila hana matongotongo. Ni homa tu, leo siku ya nne, tumbo linamuuma na hataki kula. Nimtilie matone yale yale? Na shule waende lini?"*

Marahaba, mama. Swali lako lilinikuta usiku, na unajua kwamba kabla ya kuandika mstari wowote nilikupigia simu kuhusu huyo mkubwa. Kwa faida ya wasomaji wengine niseme tu kwamba kijana alipelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa usiku ule ule. Mengine ni ya familia yake. Hapa naandika yale ambayo kwenye simu hatukuyamaliza, na kwa ruhusa yako naliweka swali lako kama lilivyo, kwa sababu nimeliona likija kwa sura nyingi na karibu kila mara limepangwa hivyo hivyo: mtoto mwenye matongotongo ndiye anayejaza barua, na yule mwenye macho mekundu makavu na homa anatajwa mwishoni, kwa kupita. Mimi naanza na yule wa mwishoni.

Hesabu wiki. Mkubwa aliumwa mafua wiki nne zilizopita. Hakupimwa, lakini nyumba ni moja, na kama yale mafua yalikuwa corona, basi yuko ndani ya kipindi ambacho madaktari wa watoto wamejifunza kukiogopa, yaani kati ya wiki mbili na wiki sita baada ya maambukizi. Mwishoni mwa Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitahadharishwa kuhusu watoto waliokuwa wakifika hospitali na homa isiyoshuka, tumbo kuuma, macho mekundu na moyo uliolegea. Wengi wao corona yenyewe ilikuwa imepita bila kishindo. Tarehe 15 Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa vigezo vya kuutambua ugonjwa huo, cha kwanza kikiwa homa ya siku tatu au zaidi. Miezi michache baadaye madaktari wa watoto wa Cape Town nao wakaandika kuhusu watoto wao. Ni ugonjwa wa uvimbe wa mifumo mingi ya mwili kwa watoto, na hospitalini utausikia ukiitwa kwa kifupi MIS-C.

Kinachotokea ni hiki. Mwizi ameingia sokoni, mgambo wameitwa. Mwizi ameshakimbia, lakini mgambo hawajaambiwa waondoke, nao wanaendelea kupiga kila wanayemkuta. Kinga ya mwili wa mtoto, wiki kadhaa baada ya kirusi kuondoka, inashambulia mishipa ya damu ya mwili wenyewe. Mishipa ya utumbo ikivimba, tumbo linauma, anatapika au anaharisha. Ya ngozi ikivimba, vipele vinatoka. Ya moyo ndiyo inayotutisha, kwa sababu moyo unaweza kuchoka na presha ikashuka kwa saa chache. Na mishipa myembamba ya juu ya weupe wa jicho inatanuka, jicho linakuwa jekundu.

Sasa ona tofauti ambayo ndiyo sababu nzima ya mimi kukupigia. Jicho la mdogo limevamiwa juu, kwenye utando wake, kwa hiyo linajisafisha: linatoa machozi, ute, matongotongo. Jicho la mkubwa halijavamiwa na kitu chochote kwa nje. Wekundu wake ni wa mishipa iliyovimba kutokea ndani, hakuna cha kusafisha, ndiyo maana ni kavu. Ukimtazama kwa karibu mwangani, mara nyingi utaona wekundu umeenea pande zote lakini umeacha kama pete nyeupe nyembamba kuzunguka duara la katikati la jicho. Alama hiyo madaktari wa watoto wanaifahamu tangu zamani kutokana na ugonjwa wa Kawasaki, ulioitwa kwa jina la daktari wa Kijapani Tomisaku Kawasaki aliyeuandika mwaka 1967. MIS-C ni tofauti na ugonjwa huo, lakini kwa macho wanafanana sana. Macho mekundu huonekana kwa karibu nusu ya watoto wenye MIS-C, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumtoi mtu hatiani.

Nina sababu nyingine ya kusisitiza jicho. Kwenye ngozi nyeusi vipele vyekundu vinajificha. Nimeona mtoto akipita mikononi mwa watu watatu na hakuna aliyeona vipele mpaka alipovuliwa nguo mchana karibu na dirisha. Lakini weupe wa jicho ni mweupe kwa kila mtoto. Ulimi uliokuwa mwekundu wenye vichomozi, midomo iliyokauka na kupasuka, viganja na nyayo zilizovimba, hivyo vyote vinaonekana kwetu sawasawa na kwa mtoto wa Ulaya, ukivitafuta.

Nisikutie hofu kupita kiasi. Ugonjwa huu ni nadra. Makadirio ya Marekani ya mwanzoni mwa janga yalikuwa mtoto mmoja kati ya 3,000 hadi 4,000 walioambukizwa, na tangu aina ya corona iitwayo Omicron ilipotawala umekuwa nadra zaidi. Sikukuambia kwamba kijana wako anao. Homa ya siku nne na maumivu ya tumbo katika mji wetu inaweza kuwa malaria, na kipimo cha malaria ndicho cha kwanza kufanyika. Inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa kidole tumbo, inaweza kuwa surua inayoanza. Nilichokuambia ni kwamba orodha hiyo hakuna hata moja inayosubiri asubuhi ikiwa mtoto hali, amelegea na homa haishuki. Na hakuna hata moja inayotibiwa kwa matone ya macho. Ungemtilia yale matone, uwekundu ungeweza kupungua kidogo, ukalala ukidhani umefanya kitu.

Hospitalini watachukua damu, watapima presha mara kwa mara, na ikiwezekana watauangalia moyo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kile wanachokiita eko. Ikithibitika, matibabu ni dawa za kutuliza kinga: immunoglobulini kwa mshipa, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, au steroidi kwa mshipa, dawa kali ya kuzima uvimbe, wakati mwingine vyote viwili. Watoto walio wengi wanaofika mapema wanapona. Ukiwa huko, sema neno moja ambalo hakuna kipimo kitakachowaambia: "Aliumwa mafua wiki nne zilizopita, na mdogo wake amekutwa na corona." Daktari anayeona homa na tumbo bila kujua hilo anaweza kwenda njia nyingine kabisa.

Haya, turudi kwa mdogo, ambaye najua ndiye anayekukesha.

Weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope umefunikwa na utando laini unaong'aa, unaitwa konjunktiva. Utando huu ni jamaa wa utando wa puani, na nyumba zao zina mlango wa pamoja. Kwenye kona ya ndani ya kila jicho kuna vitundu viwili vidogo. Machozi yanaingia humo, yanashuka kwenye mfereji, yanamwagika puani. Ndiyo maana mtoto akilia kamasi zinamtoka, na ndiyo maana ukimwekea matone ya jicho anakunja uso akisema ni machungu kooni. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua ya aina yoyote, macho yake yako jirani sana na vita. Mikono yake inamalizia kazi: anafuta kamasi, anapikicha jicho, anafuta tena.

Kirusi cha corona kinahitaji mahali pa kujishikiza ili kiingie kwenye seli, na mahali hapo ni protini iitwayo ACE2. Puani na kwenye njia ya hewa ipo ya kutosha. Kwenye utando wa jicho ipo pia, ila kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana jicho huguswa kwa baadhi ya watoto tu, na kwa kawaida huguswa kijuujuu. Huko Wuhan, mwanzoni mwa 2020, hospitali ya watoto iliangalia macho ya watoto 216 waliothibitika kuwa na corona. Watoto 49 walikuwa na dalili za macho, yaani wapata mmoja kati ya wanne au watano. Wengi wao walikuwa na matongotongo, wengine wakipikicha macho, na wachache tu ndio waliokuwa na wekundu wa kuonekana. Wenye kikohozi na dalili nyingine za mwili ndio waliopata zaidi, kama binti yako. Nafuu ilikuja kwa wengi ndani ya wiki moja hivi, kwa dawa kidogo au bila dawa.

Hata kabla ya janga hili, jicho la mtoto na virusi vya jamii ya corona walikuwa wanafahamiana. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walitangaza kirusi kipya cha jamii hiyo, wakakiita NL63. Kilitoka kwa mtoto wa miezi saba aliyekuwa na kifua kibaya na macho mekundu. Kirusi hicho kipo mpaka leo, kinazunguka kila mwaka kama mafua, na nacho hujishikiza kwenye ACE2. Na mwaka 2023, wakati aina ya corona iitwayo XBB.1.16 ilipoenea India, madaktari wa watoto wa huko walisimulia watoto wengi wenye macho yanayowasha na kunata, picha ambayo hawakuwa wakiiona sana kwenye mawimbi ya kabla.

Kuhusu kope kugandana asubuhi. Wazazi wengi wanaambiwa kwamba kope zikigandana basi ni bakteria, lazima antibayotiki. Si kweli. Mchana mtoto anapepesa macho mara nyingi kila dakika, kila kupepesa ni ufagio. Usiku ufagio unalala. Ute, machozi na seli zilizokufa zinajikusanya na kukauka kwenye kope. Hivyo jicho la kirusi nalo hugandana asubuhi. Kinachonifanya nifikirie bakteria ni usaha mzito wa njano au kijani unaorudi ndani ya dakika chache baada ya kufuta, mchana kutwa, mara nyingi jicho moja kuliko lingine.

Je, corona inapofusha? Kwa mtoto mwenye hali ya binti yako, hapana. Kuna matatizo ya nadra ya ndani ya jicho na ya mshipa wa fahamu wa jicho yaliyoripotiwa baada ya corona, lakini hayaanzi kwa matongotongo kwa mtoto anayecheza mchana. Nimefanya kazi ya macho miaka mingi, na watoto niliowaona wakibaki na kovu jeupe, lile ambalo wazee wanaliita chamba, kwenye kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele, walifika huko kwa njia nyingine: surua kwa mtoto asiye na vitamini A ya kutosha, kuumia, au kitu kilichotiwa jichoni kwa nia njema.

Hapo ndipo jirani na mama mkwe wanapoingia, na nawaheshimu wote wawili. Maji ya majani ya chai hayaui kirusi. Yakiwa yamechemka kweli na kupoa hayatamdhuru sana, lakini mara nyingi ni chai iliyobaki tangu asubuhi, pengine ina sukari, kwenye kikombe kilichoshikwa na watu wanne. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto mchanga, ila yakiwa ndani ya jicho lililovimba ni chakula cha bakteria vile vile. Maji ya chumvi ya kukadiria kwa vidole yanachoma. Utomvu wa majani, shubiri, asali, mkojo: sitaki hata kimoja kiguse kioo cha jicho. Jicho lenye kirusi linapona lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na hicho ndicho chanzo cha sifa za dawa zote hizi. Ulichoweka siku ya sita kitasifiwa siku ya nane.

Matone uliyopewa dukani ndiyo yananiuma zaidi. Neomisini ni antibayotiki, haina kazi kwenye kirusi. Deksamethasoni ni steroidi. Inafuta wekundu haraka, kama mtu anayezima king'ora huku nyumba inaungua, ndiyo maana wauzaji na wazazi wanaipenda. Lakini inalegeza ulinzi wa jicho. Kama wekundu ule ulitokana na kirusi cha hepesi, kile kinacholeta malengelenge ya mdomoni, steroidi inakifungulia mlango wa kuchimba kidonda kwenye kioo cha jicho. Na ikitumika wiki na miezi, inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho hata kwa mtoto mdogo. Ninao wagonjwa wa miaka kumi na mbili, waliokuwa na mzio wa macho tu, ambao wamepoteza sehemu ya uoni kwa chupa iliyonunuliwa tena na tena bila kuandikiwa. Utaona kinaya hapa: dawa ya ukoo huo huo inaweza kumwokoa mkubwa hospitalini kwa mshipa, na kumharibu mdogo nyumbani kwa tone. Siku mbili ulizoweka hazitakuwa zimemdhuru. Acha leo, huhitaji kupunguza taratibu.

Badala yake fanya hivi. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa ndani ya chombo chenye mfuniko. Chukua pamba au kitambaa laini safi, lowesha, uiweke juu ya kope zilizofumba dakika moja mpaka ukoko ulainike, kisha futa taratibu kuanzia puani kwenda sikioni. Kipande kimoja kwa jicho moja, kwa mfuto mmoja, kisha kitupwe au kifuliwe kwa maji ya moto. Usimlazimishe kufumbua kwa vidole. Kitambaa cha maji baridi juu ya macho kinapunguza muwasho. Kwa homa mpe parasetamo kulingana na uzito wake, wala usimpe aspirini. Nawa mikono kabla, nawa baada. Watu wanakumbuka ya kwanza na kusahau ya pili. Taulo lake liwe lake. Foronya ibadilishwe kila siku ikiwezekana.

Na wanja, mama. Unaishi Tanga, najua binti wa miaka minne hakosi wanja siku ya Ijumaa. Usimpake mpaka apone, na kile kichupa cha wanja alichokuwa akipakwa kitupe, maana mti unaoingia jicho la mgonjwa unarudi kichupani na kwenda jicho la mwingine. Baadhi ya wanja wa kienyeji pia umekutwa na madini ya risasi, lakini hilo tutalizungumza siku nyingine.

Antibayotiki naandika lini? Usaha ukiwa wa namna niliyoeleza, mzito na wa kurudi mchana kutwa, nampa kloramfenikoli ya matone au tetrasaikilini ya mafuta, ambazo hata zahanati nyingi zinazo. Nakiri pia kwamba wakati mwingine naandika nikiwa na shaka, kwa mama aliyetoka mbali ambaye hatarudi kesho nikikosea. Faida yake kwa jicho la kawaida ni ndogo, inafupisha siku chache tu, lakini angalau haina steroidi.

Kuna macho mekundu ambayo sitaki usubiri nayo hata kama mtoto anacheza. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye usaha jichoni ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu bakteria wanaotoka kwenye njia ya uzazi wanaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku mbili tatu. Mtoto asiyevumilia mwanga, anayejificha uso kwenye mto na jicho kuuma kweli, huyo utando peke yake haujaugua. Doa jeupe au kijivu juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Kope iliyovimba na kuwa nyekundu ya kuiva baada ya mafua, hasa jicho likisukumwa mbele au likiuma anapoligeuza: hayo ni maambukizi yaliyotoka kwenye matundu ya hewa ya pua kuingia nyuma ya jicho, na yanahitaji dawa ya mshipa. Kuona vitu viwili viwili pamoja na kichwa kuuma na kutapika. Au mboni inayong'aa weupe kwenye picha ya simu yenye mwanga, hata bila wekundu wowote. Hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho, na siku inayopotea ni siku inayopotea.

Surua naitaja peke yake kwa sababu inafanana mno na corona mwanzoni: homa, kikohozi, mafua, macho mekundu yanayotiririka machozi. Vipele vinakuja siku kadhaa baadaye, vikianzia usoni na nyuma ya masikio. Angalia kadi za chanjo za wote wawili. Mtoto mwenye surua anapewa vitamini A siku ya kwanza na siku ya pili, kwa kipimo cha umri wake, na hiyo ni dawa inayookoa macho kwa bei ya karibu bure. Ukishuku, waambie kituoni ukiwa mlangoni, kabla hamjakaa benchi moja na watoto wengine.

Umesema unadhani mkubwa ameambukizwa na mdogo. Kwa mpangilio wa tarehe naona pengine ni kinyume, au wote wametoka shuleni na madrasa kwa nyakati tofauti. Lakini niondoe dhana moja ambayo huenda inazunguka mtaani kwako tangu Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza ongezeko la wagonjwa wa macho mekundu, Dar es Salaam ikiwa mbele. Ule ulikuwa mlipuko wa kirusi cha macho, haukuwa corona, na watu waliogopa hata kutazamana. Macho hayaambukizani kwa kutazamana, ila kwa mikono, taulo, mto, simu inayoshikwa na kila mtu, na chupa ya matone inayogusishwa kwenye kope za watoto watatu. Kwa corona, machozi yenyewe mara chache yamekutwa na kirusi. Hatari kubwa bado ni pumzi na kikohozi. Sisi wa macho tunalijua hilo vizuri, maana tunakaa sentimita chache kutoka uso wa mgonjwa. Li Wenliang, yule daktari wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake na kufariki Februari 2020, alikuwa daktari wa macho, na aliamini aliambukizwa na mgonjwa wake wa presha ya jicho.

Shule: mdogo akae nyumbani mpaka apitishe siku nzima bila homa na bila dawa ya homa, kikohozi kiwe kinapungua, na macho yasiwe yanatiririka. Wekundu kidogo uliobaki kwenye kona si sababu ya kumzuia. Walimu wengine hudai cheti cha daktari kwamba amepewa antibayotiki. Niandikie, nitakupa barua ya kusema hazihitaji. Akirudi, mfundishe kunawa kwa sabuni na maji. Kitakasa mikono ni kizuri pale maji hayapo, lakini kiwekwe chini ya kimo cha macho yake na mtu mzima amsimamie. Ufaransa, kati ya Aprili na Agosti 2020, ajali za watoto kurukiwa na kitakasa machoni ziliongezeka mara saba kuliko kipindi hicho mwaka uliotangulia, baadhi yake kwa sababu vile vyombo vya kukanyaga kwa mguu madukani vinatema dawa sawasawa na uso wa mtoto wa miaka minne. Nyingine ziliacha vidonda kwenye kioo cha jicho. Ikitokea, miminia maji safi mengi dakika kumi na tano bila kuhurumia kilio, ndipo mwende hospitali.

Leo binti yako yuko siku ya saba. Kama Jumatatu bado kope zinagandana lakini kidogo kuliko jana, endelea na maji na pamba. Kama usaha umekuwa mzito, au jicho moja limebaki nyuma ya mwenzake, au ameanza kukwepa mwanga wa dirishani, mlete kliniki ya macho asubuhi, mapema kabla foleni haijajaa. Njoo na ile chupa ya dukani, nataka kuona maandishi yake. Na ukiwa kwa mkubwa wodini, kaa ukijua ni tarehe gani yale mafua yake yalianza. Watakuuliza zaidi ya mara moja.